Funga Daftari, Unieleze

Kuchuma karafuu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika uani, magharibi ikishaingia, watu wakakaa mkekani kuzunguka lundo na kuanza kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Ni kazi ya vidole. Haitaki macho sana wala akili nyingi, kwa hiyo midomo hubaki huru, na kila aliyekulia Pemba anajua kwamba mengi anayoyajua kuhusu ukoo wake, mipaka ya mashamba na tabia za majirani aliyapata hapo.

Msimu mmoja nilikaa kwenye mkeka wa namna hiyo, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Wete. Upande wa pili alikuwapo kijana wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, anayesomea ualimu wa hesabu, aliyerudi nyumbani mwisho wa wiki kusaidia kazi. Daftari lake lilikuwa wazi gotini. Jumatatu alikuwa na jaribio la takwimu. Mkono ulichambua, jicho likasoma, na haukupita muda bibi yake akamuona anatupa makonyo kwenye fungu la karafuu.

"Unasoma nini hicho kinachokutoa mkekani?"

"Takwimu, bibi."

"Hebu nieleze na mimi."

Akaanza kusoma kutoka daftarini. Bibi hakumwacha amalize mstari. "Lifunge hilo daftari, mume wangu. Maneno ya daftari mimi siyajui. Nieleze wewe."

Kijana akalifunga. Akafikiri kidogo, kisha akakusanya karafuu na kupanga mafungu mbele ya bibi yake. Tuseme wako wachumaji watano, akasema, na kila mmoja kaleta pishi 5. Wastani wao ni pishi 5. Sasa tuseme wako watano wengine: mmoja kaleta pishi 10, wa pili 9, wa tatu 4, wa nne 2, na wa mwisho hakuleta kitu. Jumla yao ni pishi 25 vilevile, na wastani ni uleule, pishi 5. Lakini makundi haya hayafanani hata kidogo, ndiyo maana kuna kipimo kingine cha kuonesha watu wametawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Darasani wanakiita standadi divieshoni.

"Haya, kipime," akasema bibi.

Akahesabu tofauti. Wa kwanza kazidi 5, wa pili kazidi 4, wa tatu kapungua 1, wa nne kapungua 3, wa tano kapungua 5. Akajumlisha. Akapata sifuri.

Bibi akaacha kuchambua. "Umeniambia hawalingani. Sasa hesabu yako inasema hakuna tofauti. Nishike lipi?"

Kijana alinyamaza kitambo. Niliuona mkono wake ukienda kwenye daftari, ukarudi. Kisha akasema polepole, kama anayesoma maandishi yaliyo mbali: "Zinalana, bibi. Za kuzidi na za kupungua zinalana. Lazima nizizuie zisilane." Na hapohapo akakumbuka kwamba ile kanuni ina hatua ya kuzidisha kila tofauti kwa yenyewe, hata zile pungufu zikageuka chanya. 25, 16, 1, 9, 25. Jumla 76, gawa kwa 5, tafuta kipeuo cha pili: karibu pishi 4. Kundi la mwanzo, sifuri.

"Kundi la pili ndilo la kwetu," akasema bibi, na vidole vikarudi kazini.

Baadaye kijana aliniambia kwamba kanuni ile alikuwa ameinakili mara tatu na angeweza kuiandika usingizini, lakini hakuwahi kujiuliza ule mraba umewekwa wa nini. Aliyemfanya ajiulize ni mtu asiyejua kusoma daftari lake.

Ninaukumbuka usiku ule kila ninaposikia mzazi analalamika kwamba kijana wake wa chuo anashinda barazani, au kwamba wanafunzi wakikaa pamoja hawasomi, wanapiga soga. Soga zipo, sitazikana. Lakini katika miaka hii 40 iliyopita watafiti wa elimu na wa kumbukumbu wamekuwa wakipima kitu ambacho mkeka ule ulikifanya bila kupimwa, na matokeo yao yanastahili kujulikana na kila nyumba iliyomtuma mtoto Mchangamdogo, Tunguu au Dar es Salaam.

Nianze na kusahau, kwa sababu sayansi yenyewe ilianzia hapo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 kitabu kuhusu majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri mpaka azijue, kisha akasubiri na kujipima tena. Aligundua kwamba kusahau hakwendi kwa mwendo mmoja. Hukimbia mwanzoni, ndani ya saa za mwanzo, kisha hupunguza kasi. Anayetoka mhadhara wa asubuhi na kufunga daftari mpaka wiki ya mtihani, sehemu ya alichosikia imeshaanza kumponyoka kabla hajala chakula cha mchana.

Dawa ambayo wengi wetu tunaijua ni kurudia kusoma. Tunasoma mara ya pili, ya tatu, tunapiga mistari kwa kalamu ya rangi, na kila tukirudia maneno yanateleza vizuri zaidi, tunajiambia sasa imeingia. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliipima dawa hii kwa jaribio rahisi ambalo mwalimu yeyote wa Pemba angeweza kulirudia kwa karatasi na saa ya ukutani.

Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya sayansi, kimoja kuhusu jua, kingine kuhusu fisi maji wa baharini. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya dakika tano vya kusoma kifungu kilekile tena na tena. Kundi jingine lilisoma kwa kipindi kimoja tu; vipindi vitatu vilivyobaki likanyang'anywa kifungu na kupewa karatasi tupu: andikeni yote mnayoyakumbuka. Kwa wastani kundi la mwanzo lilikisoma kifungu mara 14. Kundi la pili halikufika hata mara 4.

Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara 14 walishinda: walikumbuka asilimia 83, na wenzao asilimia 71. Mtu angeishia hapo angesema mzee wa zamani alikuwa na haki, soma, rudia, rudia. Lakini wengine walipimwa baada ya wiki moja. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40. Waliojilazimisha kutoa kichwani walibaki na asilimia 61.

Katika jaribio hilo kuna jambo moja linalonigusa kuliko tarakimu zenyewe. Wanafunzi waliulizwa mapema wanadhani watakumbuka kiasi gani. Waliojiamini zaidi ni wale waliorudia kusoma, yaani walewale waliokuja kuanguka. Wepesi wa kusoma uliwadanganya. Maneno yaliyozoeleka machoni wakayadhania yamekaa akilini. Nimewaona vijana wangapi wakitoka chumba cha mtihani na uso wa kusalitiwa, wakisema, "Nilisoma, wallahi nilisoma"? Wanasema kweli. Walisoma. Hawakuwahi kulifunga daftari wakaona nini kimebaki.

Kinachotokea kinaweza kufananishwa na ujia wa shambani. Kusoma ni kuoneshwa ulipo mkarafuu. Kutoa kichwani ni kuufuata ujia mwenyewe mpaka uufikie. Kila ukipita majani yanalala, na kesho njia inaonekana. Aliyeoneshwa mara 14 kwa kidole bila kutembea atapotea siku ya kwanza akitumwa peke yake. Na kusahau kidogo kabla ya kupita tena hakudhuru, kunasaidia, kwa kuwa ujia uliotafutwa kwa taabu hushika zaidi ya ule uliopitwa sasa hivi. Ndiyo sababu ya kujiuliza leo, kisha keshokutwa, kisha wiki ijayo, badala ya kumaliza yote usiku mmoja kwa kahawa.

Msomaji wa Pemba atasema: mbona hili tunalo? Kweli tunalo. Mtoto wa chuo cha Qur'ani anapokaa mbele ya mwalimu na kusoma sura yake kwa ghibu, msahafu umefungwa, anafanya kilekile kilichopimwa St. Louis. Mwanafunzi mkubwa anapokaa na mdogo na kumsomesha, anajisomesha na yeye. Darsa baina ya Magharibi na Isha, ambapo mtu aliyetoka baharini au sokoni anakaa na kuuliza swali lililomsumbua mchana, ni darasa la watu wazima lisilo na ada wala cheti. Urithi wetu wa kujifunza bila kuta ni mkubwa. Ila nina neno moja juu yake. Hifadhi hulinda maneno, na kwa Qur'ani ndivyo inavyotakiwa, herufi kwa herufi. Kijana akiichukua desturi hiyohiyo akaipeleka kwenye biolojia au sheria ya mikataba, atatoka na maneno ya mhadhiri wake mazima mazima na asijue la kuyafanyia. Huko kwa ghibu haitoshi. Inatakiwa na kwa nini.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili. Michelene Chi na wenzake, waliokuwa Pittsburgh, walichapisha mwaka 1989 uchunguzi wa wanafunzi wachache waliokuwa wakisoma mifano ya fizikia iliyokwisha kufanywa kitabuni. Waliwaomba waseme kwa sauti kila wanachofikiri. Waliokuja kufanya vizuri walikuwa wakijieleza njiani: hatua hii imetoka wapi, kani hii kwa nini imeelekezwa chini, mbona hapa wameacha msuguano? Tena walikuwa wepesi kusema hapa sijaelewa. Waliokuja kushindwa walipita wakisema ndiyo, nimeona, sawa. Kwa hiyo anayejifunza huhitaji kuelezea hata akiwa peke yake, lakini akiwa peke yake ni rahisi sana kujisamehe. Mbele ya bibi msamaha huo haupo.

Na kama wote mliokaa hamjui? Ndilo swali wanaloniuliza wanafunzi wenyewe: tutaelezana nini, na sisi sote tumeachwa palepale? Jibu lilitolewa na jarida la *Science* mwaka 2009. Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walikuwa na darasa la jenetiki la wanafunzi wapatao 350. Mwalimu aliuliza swali la kuchagua jibu. Kila mmoja akajibu kwa kifaa cha mkononi bila kuongea. Kwa wastani asilimia 52 walipata. Kisha wakaambiwa wajadiliane na walio karibu, bila kuambiwa jibu sahihi, wakajibu tena: asilimia 68. Hapo mtu mwenye shaka angesema wamenakiliana tu kwa aliyeonekana mjuaji. Watafiti walilitegemea hilo. Wakatoa swali la pili, lenye dhana ileile lakini sura tofauti, na kila mtu akalijibu peke yake. Walipata asilimia 73. Miongoni mwa waliokosa mwanzo na kupata baada ya mjadala, zaidi ya robo tatu walilipata na la pili. Na hata kwenye maswali magumu, ambayo vikundi vingi havikuwa na mtu aliyejua, watu waliinuka. Vipofu wanne waliokaa kuhojiana walifika mahali ambapo mmoja wao hakuwa amewahi kufika.

Nimelitaja jaribio hili kwa wahadhiri wawili watatu, na wote walitikisa kichwa kwa tahadhari ileile: kikundi kinaweza pia kukubaliana juu ya upuuzi. Ni kweli, na tahadhari hiyo haina budi kubaki. Mjadala ukiisha, lazima mtu afungue kitabu au aende kwa mwalimu kuhakikisha. Lakini anayefungua kitabu akiwa tayari ameshabishana na wenzake huenda na swali mkononi, na ukurasa uleule alioupita jana bila kuuona leo unasema naye.

Diskasheni za wanafunzi wetu, basi, zikoje? Nimekaa kwenye nyingi, nyingine Pemba, nyingine Bara, na ninaweza kusema nusu yake si diskasheni. Anakuja mmoja aliyepata madesa, yaani nukuu za kunakili, ya mwaka jana, wenzake wanayapiga picha, mazungumzo yanahamia kwenye bumu, ile fedha ya mkopo, litatoka lini, na watu wanaagana wakijihisi wamesoma. Au anakuwapo mjuaji anayesema saa nzima, wengine wanaitikia. Kwenye kikao cha namna hii anayejifunza ni mmoja, yule anayesema, na ndiye aliyehitaji kidogo kuliko wote. Kikao kizuri nakitambua kwa kelele zake: kuna "subiri", kuna "rudi nyuma", kuna "hapo umeruka". Aliye dhaifu ndiye anayeambiwa aeleze, na mjuaji ndiye anayeuliza.

Kuna kisa kimoja cha Marekani ambacho nadhani kinatuhusu sisi watu wa visiwani kuliko tunavyodhani. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, kijana aliyeitwa Uri Treisman alisumbuliwa na jambo moja: wanafunzi weusi walikuwa wakianguka somo la kalkulasi kwa wingi, ilhali wenzao wenye asili ya China wakipasi. Aliwauliza walimu sababu. Wakamwambia hawana hamu, hawakuandaliwa vizuri, familia zao hazijali elimu. Treisman hakuridhika. Aliwafuata wanafunzi 20 wa kila upande kwa miezi 18, akiingia mpaka mabwenini kwao kuona wanavyosoma. Sababu zote tatu zikaanguka. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii na wazazi wao walikuwa wamejinyima kwa ajili yao. Tofauti ilikuwa kwamba walisoma peke yao. Walikuwa wametoka kwenye skuli ambazo wao ndio waliokuwa wakiongoza, wamezoea kujitegemea, na walitenga masomo na urafiki kama vitu viwili visivyokutana. Wale wenye asili ya China walisoma kila mmoja kwake kwanza, kisha wakakutana jioni, wakakagua kazi, wakaulizana maswali ya mitihani ya zamani, wakalishana na chakula. Treisman akaunda vikundi vya kufanya kazi pamoja, vyenye maswali magumu kuliko ya darasani, na waliojiunga wakapanda.

Sasa mfikirie kijana aliyekuwa wa kwanza Konde au Mkoani. Anapanda boti, anavuka bahari mara mbili, anafika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam penye wanafunzi kwa maelfu na lafudhi yake inachekwa siku ya kwanza. Anachofanya ni kile kilichomfikisha pale: anajifungia, anasoma. Ikija sapu, ule mtihani wa marudio, anajifungia zaidi, kwa aibu. Nje ya dirisha lake, chini ya miti, viko vimbweta, zile meza na viti vya zege ambavyo vizazi vya wanafunzi wa Mlimani wamevikalia wakisoma na kubishana, na yeye anadhani wanaokaa pale ni watu waliokwisha kujua. Tunasema Wapemba hujuana kwa vilemba. Wakijuana ugenini, mara nyingi huwa kwa futari, kwa msiba na kwa mchango wa nauli, na ni jambo jema. Ninatamani wajuane pia kwa daftari lililofungwa.

Yote hayo ni kuhusu masomo ya darasani yanayoendelezwa nje. Lakini kuna kujifunza kwingine kusikoanzia darasani kabisa, na aliyewafungulia wasomi macho ni mwanaanthropolojia Jean Lave. Miaka ya 1970 alikwenda Monrovia, Liberia, akakaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola na wanagenzi wao. Aliona kitu kilichompindua: hakuna aliyekuwa akifundisha kwa maana ya kusimama na kueleza. Mwanagenzi alianza na mwisho wa kazi. Alishona vifungo, akakunja pindo, akapiga pasi. Kwa kufanya hivyo aliiona nguo nzima ilivyo kabla hajagusa mkasi. Kisha akashona vipande vilivyokatwa na mwingine, na kwa kushona akaelewa kwa nini vimekatwa vile. Kukata, ambako kosa moja hupoteza kitambaa, kulikuja mwisho, tena kwa kofia na kaptula za watoto kabla ya suti. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger waliandika kitabu kilichosema kwamba mtu hujifunza kwa kuingia kidogo kidogo katika kazi ya watu wanaoijua, kutoka ukingoni kwenda katikati.

Hilo mwanafunzi wa Pemba hukutana nalo akienda fildi. Yule anayesomea mambo ya bahari, akiteremka na kinamama wa mwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka, hupewa kwanza kazi ya kufunga vipando kwenye kamba. Anadhani anasaidia. Siku ya tatu anagundua kwamba mikono ya wenzake inatupa vipando fulani bila kusema: vile vilivyoanza kuwa vyeupe na laini. Akiuliza, anaelezwa habari za maji kupata joto, za mwani wa aina ya kotoni uliowashinda kupanda pwani nyingi, za mahali ambapo mkondo unapita na mwani haufi. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa visiwa hivi, kwa hiyo wapo kinamama wenye miaka 30 ya kuitazama bahari ileile kila bamvua. Hakuna mhadhiri mwenye data kama hiyo. Kijana aliyefunga kamba nao kwa wiki mbili anaporudi darasani na kusikia neno "mabadiliko ya tabianchi", analisikia na harufu yake.

Lakini nisilainishe mambo. Maarifa haya mawili hayapatani kila mara. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha uchunguzi waliofanya Usenge, magharibi mwa Kenya, kwa watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15. Waliwapima ujuzi wa dawa za mitishamba wanazotumia nyumbani, na wakawapima pia kwa mitihani ya kiskuli. Watoto waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama ndogo zaidi za skuli, hasa za msamiati wa Kiingereza. Hawakuwa na akili pungufu. Watafiti walifikiri kwamba familia zilikuwa zikichagua mapema: huyu wa skuli, huyu wa nyumbani, na kila mmoja akalelewa upande wake. Ninapomuona kijana wa Pemba aliyefaulu sana ambaye hajui kusoma kaskazi na kusi, wala jina la samaki aliye kwenye sahani yake, nakumbuka utafiti ule na naona uchungu. Uchaguzi ule si wa lazima. Tunaufanya sisi, tunapomwambia mtoto "wewe soma tu, kazi hii si yako".

Nchi hii imewahi kuona jinsi elimu ya nje ya darasa inavyoweza kufika mbali. Mlimani, mwaka 1967, wanafunzi waliunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, kikiongozwa na kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa yao ya Jumapili, wakisoma vitabu ambavyo havikuwa kwenye mitaala, wakibishana na mwalimu wao Walter Rodney kama wanavyobishana wao kwa wao. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda Msumbiji kwenye maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, kuona kwa macho waliyokuwa wakiyasoma. Walitoa jarida la *Cheche*, na humo mwaka 1970 mwanafunzi wa sheria, Issa Shivji, akaandika uchambuzi wa uchumi wa Tanzania ambao ulisomwa mbali na chuo. Mwezi Novemba mwaka huohuo chama na jarida vikapigwa marufuku. Mmoja wa wahariri, Karim Hirji, mwanafunzi wa hesabu, alikuja kuwa profesa wa takwimu za tiba. Unaweza kukubaliana na siasa zao au usikubaliane. Mimi ninachokitazama ni kwamba hapakuwa na alama ya mtihani kwa lolote kati ya hayo, na waliyasoma kwa bidii kuliko yaliyokuwa na alama.

Leo sehemu kubwa ya mijadala imehamia kwenye simu. Kundi la WhatsApp la darasa linajaa faili, kila mtu anahifadhi, na simu inakuwa ghala lisilofunguliwa. Lakini wapo waliogundua matumizi mazuri zaidi: mmoja anarekodi sauti ya dakika tatu akieleza mada bila kutazama popote, anaituma, na wengine wanajibu kwa sauti zao kumsahihisha. Anayerekodi hujua ndani ya sekunde 30 kama amesoma au alijidanganya.

Bado kuna watu ambao baraza haliwafikii, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Saa ambazo wavulana wanabishana chini ya taa ya duka, wasichana wa chuo hichohicho wako majumbani, wanapika, wanaosha, au wamekaa na daftari peke yao kwa sababu jua limezama. Sisemi mila hiyo ivunjwe kwa makala moja. Nasema gharama yake ipimwe kwa haki: anayesoma peke yake kwa lazima anabeba mzigo uleule uliowaangusha wale wa Berkeley, kisha tunasema hesabu si za wanawake. Chuo kinaweza kufungua vyumba asubuhi ya Jumamosi. Ukumbi wa nyumba yoyote unatosha.

Nyumba moja ninayoijua Chake Chake imefanya hivyo. Wasichana wanne wa mwaka wa pili hukutana hapo baada ya Alasiri, siku mbili kwa wiki, kwa mama wa mmoja wao ambaye aliishia darasa la saba. Madaftari yanarundikwa katikati ya mkeka, yamefungwa. Mama anakaa kando akichagua mchele, na ndiye anayeanza: "Haya, wanangu, leo nani ananieleza?" Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa zamu ya anayesomea uuguzi, mada ni figo, na alikuwa amekwama mahali ambapo maji yanachujwa na sukari inarudishwa mwilini. Mama aliuliza kwa nini basi mgonjwa wa sukari huonekana na sukari kwenye mkojo, kama kazi ya figo ni kuirudisha. Msichana alifungua mdomo, akaufunga, akatazama rundo la madaftari. Wenzake watatu walikaa kimya wakimngojea.